Ncha mbili za vidole: uchambuzi wa kisa cha Tony Iommi

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa gitaa alikatwa na msumeno wa umeme katika karakana ya useremala anakofanya kazi. Iliondoka ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, mkono anaobania nyuzi. Hata bendeji haijafunguliwa, simu yake ilikuwa imeshajaa ujumbe wa pole, na karibu nusu ya waliomwandikia walimpelekea kisa kilekile: kuna Mwingereza alikatwa vidole kiwandani, madaktari wakamwambia asahau gitaa, naye akaenda akaanzisha hevi metali, roki nzito ya magitaa. Kijana akanionyesha, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kweli?"

Nikamjibu ni kweli. Usiku jibu langu likaanza kunisumbua. Waliomtumia kisa kile walikuwa na nia njema, lakini walimtumia mwanzo na mwisho tu: ajali, kisha ushindi. Katikati pamerukwa, na katikati ndipo alipokuwa yeye siku ile, ameketi mbele yangu na kidole kimefungwa, hajui ashike wapi. Ndiyo maana nimekaa na kisa hiki kwa muda, nimekifungua kipande kwa kipande, nione ajali ilifanya nini hasa, Tony Iommi, ndiye Mwingereza huyo, alifanya nini mwenyewe, na ni yapi yaliyotokea tu bila kuhusiana na vidole.

Anthony Frank Iommi alizaliwa Birmingham tarehe 19 Februari 1948, mtoto pekee katika familia yenye asili ya Italia. Alikulia Aston, mtaa wa viwanda na nyumba zilizobanana, ambako bado palikuwa na viwanja vilivyoachwa na mabomu ya vita. Wazazi wake walikuwa na duka. Alitaka ngoma, akaambiwa zina kelele, akaanza na kodiani, baadaye akapata gitaa. Aliyemvuta ni Hank Marvin wa bendi ya The Shadows, na sauti yake safi isiyo na mkwaruzo. Iommi ni mtu wa shoto, kwa hiyo alishika gitaa kinyume na wengi: mkono wa kushoto unacharaza, wa kulia unabana nyuzi. Jambo hili liwekwe akilini, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinalitegemea.

Mwaka 1965 alikuwa na miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Kazi yake ilikuwa kulehemu. Wakati huohuo alikuwa amepata nafasi katika bendi iliyoitwa The Birds and the Bees, iliyokuwa inakwenda kupiga Ujerumani, kwa hiyo aliacha kazi. Siku tunayoizungumzia ilikuwa siku yake ya mwisho kiwandani. Mchana alirudi nyumbani kula, akamwambia mama yake hana haja ya kurudi tena, kazi si imekwisha? Mama akamwambia arudi aimalize siku yake kama inavyotakiwa. Akarudi.

Mwanamke aliyekuwa akiendesha mashine ya kukandamiza na kukata mabati, ambaye ndiye aliyekuwa akimpitishia vipande vya kulehemu, hakufika kazini siku hiyo. Kijana akapelekwa kwenye mashine ile ili kazi isisimame. Hakuwa amefundishwa kuitumia. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, naye, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akauvuta mkono kwa nguvu. Ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kwenye mashine. Mtu wa kiwandani alivipeleka hospitali vile vipande ndani ya kasha la kiberiti, lakini vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, havikuweza kurudishwa.

Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu wasimulizi hupita mbio. Tuna msemo, ajali haina kinga. Katika kisa hiki msemo huo unatupoteza, kwa sababu mashine zina kinga. Chuma kinachoshuka kwa nguvu kiasi kile huwekewa kizuizi ili mkono usifike, na mtu anayekiendesha hufundishwa kwanza. Hapa kijana wa miaka 17 aliwekwa kwenye kazi ya mtu mwingine, bila mafunzo, ili uzalishaji usikwame kwa nusu siku. Ukisema ajali ile "ilizaa" muziki, unaanza kuishukuru. Sioni cha kushukuru. Kuna vijana wangapi wa Aston waliokatwa vidole na mashine za aina ile na hawakuwa na albamu baadaye ya kuwafanya tuwakumbuke? Na mwanafunzi wangu, kwenye msumeno ule, naye alikuwa anamshikia mwenzake zamu.

Sasa tuutazame mkono wenyewe. Anayebana nyuzi hutumia vidole vinne. Kidole cha shahada na kidole kidogo cha mwisho vya Iommi vilibaki vizima. Vilivyokatika ni viwili vya katikati, vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi: kubana kodi za gitaa, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kuvuta uzi ili sauti ipande, kukimbia katika solo. Kwenye ncha ya kidole ndipo pia penye hisia. Mpiga gitaa hatazami kila anapobana, kidole kinamwambia. Iommi alipoteza urefu wa vidole, akapoteza na taarifa. Ukibana uzi wa chuma kwa kigutu chenye mfupa karibu na ngozi, maumivu yanakurudisha nyuma kabla sauti haijatoka. Hospitalini aliambiwa asahau.

Alikuwa amejifungia nyumbani, amekata tamaa, aliposhuka mgeni ambaye namwona kuwa mtu muhimu kuliko daktari katika kisa hiki: msimamizi wake wa kiwandani. Alimletea sahani ya santuri, akamtaka asikilize. Iommi hakutaka kusikia gitaa la mtu yeyote, lakini mgeni akasisitiza. Aliposikiliza na kukiri kwamba mpigaji ni hodari, ndipo msimamizi akamwambia kuwa mtu huyo anapiga solo zake kwa vidole viwili tu.

Alikuwa Django Reinhardt. Django alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika jamii ya Waromani wanaosafiri kwa magari ya kuishi, na mwaka 1928 gari lake liliungua moto naye akiwemo. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikunjamana visifanye kazi tena kama zamani. Alijifunza upya, akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi waliopata kutokea Ulaya, akafa mwaka 1953.

Angalia namna msimamizi alivyofanya. Hakuanza na hadithi ya kidonda, alianza na muziki. Alimwacha kijana asikie kwanza kwamba ni mzuri, ndipo akafunua siri ya mkono. Mimi nilimfanyia mwanafunzi wangu kinyume, nilimpa kisa kabla ya sauti, na hapo nakiri nilikosea.

Kuna kosa dogo ambalo wasimulizi hulifanya hapa pia. Mfano wa Django ulimwonyesha Iommi kwamba inawezekana, basi. Haukumwonyesha namna. Vidole vya Django vilipooza, vya Iommi vilikatwa. Django alibaki na ncha mbili nzima zenye hisia na akajenga mtindo wake wote juu ya hizo. Iommi alikuwa na chaguo jingine, kugeuza gitaa na kuanza upya kwa mkono wa pili, na watu walimshauri hivyo. Alikataa. Baadaye, akiwa mtu mzima, amesema huenda ingekuwa busara kufanya hivyo, maana alikuwa amepiga kwa miaka michache tu. Uamuzi uliotupatia muziki ule wote, yeye mwenyewe hana hakika kama ulikuwa sahihi. Hilo halimo katika ujumbe aliotumiwa kijana wangu.

Kilichofuata ni kazi ya fundi. Iommi alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga kidonge, akakitoboa kwa chuma cha kulehemu chenye moto mpaka kidole kikaingia. Akakisugua kwa msasa siku baada ya siku mpaka kikapata umbo la ncha ya kidole, kama subana ya fundi cherehani. Kikakaa kidoleni, lakini plastiki inateleza juu ya uzi. Akatafuta ngozi, akakata vipande kutoka koti kuukuu la ngozi, akavigundisha juu ya vile vikofia, kisha akavisugua kwa kitu kigumu mpaka vikang'aa, vikawa na mshiko wa kutosha: visiteleze, wala visikwame kwenye uzi. Unene nao ni kesi. Ukiwa mnene mno unagusa uzi wa jirani, ukiwa mwembamba mno maumivu yanarudi.

Niliposoma kuhusu hatua hii nilimwona yule mlehemu wa kiwandani. Ustadi uliotumika hapa si wa muziki. Ni wa mtu aliyezoea kupima, kuchoma, kusugua na kujaribu tena. Hakuna duka lililouza kitu kile na hakuna mwalimu aliyekijua.

Hata baada ya vikofia kukaa, nyuzi zilikuwa ngumu mno. Magitaa ya siku zile yaliuzwa na nyuzi nene zinazotaka nguvu kuzibana, na nguvu hiyo yeye hakuwa nayo tena. Nyuzi nyepesi za gitaa la umeme hazikuwa bidhaa ya kawaida madukani. Alichofanya ni kununua nyuzi za banjo, ambazo ni nyembamba, akaziweka mahali pa uzi wa kwanza na wa pili. Kisha akashusha nyuzi za gitaa ngazi kwa ngazi: uliokuwa wa kwanza ukaenda nafasi ya tatu, na kuendelea hivyo, mpaka nyuzi zote sita zikawa nyembamba kuliko kawaida. Aliwaendea watengenezaji akiwaomba seti kama hiyo, wakamwambia haitauzika. Mwishowe kampuni ya Picato ya Wales ikamtengenezea. Leo kijana akiingia duka la ala Kariakoo au katikati ya Nairobi akaomba nyuzi nyepesi, anapewa papo hapo, hajui kuna wakati mtu alilazimika kuvunja seti mbili ili apate moja.

Halikuwa jambo la mara moja. Baadaye, alipotaka gitaa lenye freti 24, vile vijiti vya chuma vinavyogawa shingo ya gitaa, akajibiwa vilevile kwamba halifanyiki, naye akaweka fedha zake kwa fundi John Birch wa Birmingham mpaka likafanyika. Huyu ni mtu ambaye neno "haiwezekani" la mwenye duka alilisikia kama mwanzo wa mazungumzo.

Mpaka hapa hatujafika kwenye bendi. Baada ya kupita katika bendi kadhaa, mwaka 1968 alikutana upya na mwimbaji Ozzy Osbourne, aliyesoma naye shule moja Aston, wakaungana na Terence "Geezer" Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye ngoma. Walianza kwa blues, wakajiita Earth. Mwishoni mwa mwaka huo Iommi aliondoka kwa muda mfupi kwenda Jethro Tull, bendi iliyokuwa inapanda. Angebaki, huenda kisa chetu kingeishia katika tanbihi ya bendi ya watu wengine. Lakini alijiona mtu wa kuajiriwa, akarudi kwa wenzake wa Aston, na alirudi na kitu: alikuwa ameona Ian Anderson, kiongozi wa Jethro Tull, anavyowaendesha watu kwa ratiba, mazoezi yanaanza asubuhi na kila mtu amefika. Akawaamsha wenzake wafanye hivyohivyo. Mwaka 1969 wakachukua jina Black Sabbath.

Oktoba mwaka huo waliingia studio London na prodyuza Rodger Bain, wakarekodi albamu ya kwanza kwa siku moja hivi, wakipiga kama wako jukwaani. Ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Wachambuzi wengi waliibeza, lakini ilifika nafasi ya 8 Uingereza na 23 Marekani. Septemba ikafuata Paranoid, ikashika namba moja Uingereza.

Sasa tuje kwenye dai kuu, kwamba vidole vilivyokatika ndivyo vilivyoumba sauti hii. Nimelisikia kwa sura tatu, na nikizipima kila moja peke yake matokeo hayafanani.

Linalorudiwa zaidi ni la kutyuni chini. Ukilegeza nyuzi zote zikashuka, zinakuwa laini kubana, na sauti inakuwa nzito. Iommi alifanya hivyo, na maumivu ya vidole yalikuwa sababu mojawapo. Lakini angalia tarehe. Albamu mbili za kwanza, ya pili ikiwa ndiyo yenye Iron Man na War Pigs, zimepigwa kwa tyuni ya kawaida, uzi wa sita ukiwa E. Kushuka nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya nota na nota) mpaka C kali, yaani C#, kunaanza katika Master of Reality ya mwaka 1971, kwenye nyimbo kama Children of the Grave na Into the Void, na Geezer naye akashusha besi yake iende pamoja. Kwa hiyo anayesema uzito wa Black Sabbath ulizaliwa na nyuzi zilizolegezwa hajasikiliza kwa makini. Uzito ulikuwapo kabla. Na wa kwanza kulegeza nyuzi hakuwa yeye. Mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix alikuwa akishuka nusutoni moja miaka ya nyuma.

Dai la pili ni la kodi za nota mbili, na hapa naona ushahidi una nguvu. Badala ya kubana kodi kamili ya nyuzi tano au sita, Iommi mara nyingi anabana mzizi, yaani nota inayoipa kodi jina, na nota ya tano yake, kazi ambayo kidole cha shahada na kidole kidogo, vile viwili vizima, vinaiweza. Ameeleza mwenyewe kwamba kodi fulani hawezi tena kuzipiga, hivyo alitafuta njia ya kufanya kidogo kisikike kikubwa: anabana nota chache, kisha anautikisa uzi ili sauti ijae mahali ambapo nota nyingine zingekuwepo. Ukiongeza amplifaya za Laney, zilizotengenezwa Birmingham kwao, na kifaa cha kuongeza makali alichokitanguliza mbele yake, nota mbili zinageuka ukuta. Upungufu umeingia ndani ya muziki hapa, na unaweza kuusikia. Wapigaji wengine walikuwa wameshatumia kodi za nota mbili zenye mkwaruzo, lakini kwao zilikuwa kiungo. Kwa Iommi zilikuwa chakula chenyewe, na kwa sababu kodi haikuweza kupambwa, akahamishia ubunifu kwenye mwendo wake: iende wapi, isimame lini, irudi vipi. Ule mzunguko mfupi wa nota unaorudiwa, ambao wapiga roki huuita rifu, ukawa ndio wimbo. Katika vitabu vya bendi nyimbo zimeandikwa kwa majina ya wote wanne, na Geezer ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno, lakini kazi ilianza pale Iommi alipoleta rifu. Asipoleta, wote walisubiri.

Mfano ni wimbo Paranoid wenyewe. Albamu ilikuwa fupi, wakahitaji dakika chache za kujaza. Wenzake wakatoka kwenda kula, waliporudi rifu ilikuwa tayari. Ukafika nafasi ya 4 Uingereza kama singo.

Dai la tatu, kwamba kiza cha muziki ule ni kiza cha mtu aliyeumia, silikubali. Tuchukue wimbo uitwao Black Sabbath, unaofungua albamu ya kwanza. Rifu yake ni nota tatu: G, kisha G ya juu, kisha inashuka C kali. Umbali kati ya G na C kali ni toni tatu kamili, na sikio la mtu aliyezoea muziki wa Ulaya linausikia kama mlango ulioachwa wazi usiku. Geezer alikuwa akipenda kipande cha mtunzi Mwingereza Gustav Holst kuhusu sayari ya Mirihi, akikipiga kwenye besi, na Iommi akatoka na nota zake kutoka mwelekeo huo. Mtu mwenye vidole kumi angeweza kuzipiga, ni nota tatu. Kilichotakiwa ni sikio, na ujasiri wa kuziacha zikae polepole hivyo bila kuongeza chochote.

Tena kuna bahati tupu. Siku ya kurekodi, Iommi alikuja na gitaa lake jeupe aina ya Stratocaster. Baada ya wimbo mmoja pikapu ya gitaa lile, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, ikaharibika. Akachukua la akiba, Gibson SG, gitaa alilolipata kwa kubadilishana katika maegesho ya magari: yeye alikuwa na SG ya mkono wa kulia anayoipiga kichwa chini, akakutana na mtu mwenye ya mkono wa kushoto anayeipiga naye kichwa chini, wakapeana. Albamu karibu yote ikapigwa kwa gitaa hilo, na SG ikawa alama yake maisha yote. Pikapu iliyoharibika ya Stratocaster ina sehemu yake katika sauti ile, na hakuna anayeiandikia hadithi.

Niongeze jambo ambalo wapenzi wa makelele hulipita. Katika Paranoid kuna wimbo wa taratibu, Planet Caravan, na mwishoni mwake Iommi anapiga solo safi, ya jazi, isiyo na mkwaruzo hata chembe. Nimeisikiliza mara nyingi. Kila mara namsikia yule msimamizi wa kiwandani akiingia chumbani na santuri mkononi.

Miaka iliyobaki nitaipita haraka, ingawa ni mingi. Mwaka 1972 walirekodi Vol. 4 huko Los Angeles katikati ya dawa za kulevya, na waliporudi huko kutengeneza albamu iliyofuata, Iommi akakauka, rifu hazikuja. Walihamia ngome ya Clearwell, Uingereza, wakafanyia mazoezi vyumba vya chini, na hapo rifu ya Sabbath Bloody Sabbath ikafika, mwaka 1973. Ukavu ule ulimtisha kama ajali ilivyomtisha, na mara hii hakuwa na kofia ya plastiki ya kuutibu. Ozzy alifukuzwa 1979. Mwimbaji Ronnie James Dio akaja, wakatoa Heaven and Hell mwaka 1980, albamu ambayo kwangu ndiyo solo zake bora. Baada ya hapo waimbaji na wapiga ngoma walipishana mlangoni kwa zaidi ya miaka kumi, na katika kila albamu yenye jina la Black Sabbath mtu ambaye hakukosekana hata mara moja ni yeye.

Mwanzoni mwa 2012 ilitangazwa kwamba ana saratani ya limfoma. Bendi ilikuwa imeanza kutengeneza albamu mpya na Ozzy na Geezer. Kazi ikahamishwa kutoka Los Angeles kuletwa Uingereza ili awe karibu na matibabu, akawa anaandika rifu kati ya dozi moja na nyingine. Albamu, 13, ilitoka Juni 2013 ikashika namba moja Uingereza, mara ya kwanza tangu Paranoid, na namba moja Marekani, ambako hawakuwahi kabisa. Waliaga Birmingham tarehe 4 Februari 2017. Kisha tarehe 5 Julai 2025 wote wanne wa mwanzo walisimama pamoja uwanja wa Villa Park, Aston, karibu na mitaa waliyokulia. Ozzy alifariki tarehe 22 ya mwezi huohuo.

Wazee husema hujafa hujaumbika. Nilikuwa nikiusikia msemo huo kama tahadhari tu, usimcheke mwenye kilema kwa maana nawe hujui kesho. Baada ya kukaa na kisa hiki naona una maana ya pili, kwamba kuumbika kunaendelea, na kwa Iommi kuliendelea kwa moto, msasa na gundi.

Mwanafunzi wangu nilimwita tena. Safari hii nilianza na sauti. Nilimwekea Django, nikamwekea Planet Caravan, tukasikiliza bila kusema. Kisha tukatoa nyuzi zake, tukaweka nyepesi, tukalegeza nusutoni mbili, nikamwambia abane kodi za nota mbili kwa kidole cha shahada na cha mwisho. Uso wake ulibadilika alipousikia mlio. Sikumdanganya kuhusu mengine: kodi ya F kamili bado haitoki, na asubuhi za baridi kidole kinamuuma. Tumejaribu ngozi ya mkoba mkuukuu, ikawa laini mno. Ya kiatu ikawa ngumu mno. Sasa tuna kipande cha mkanda, anakisugua jioni akitoka karakana.

Iommi naye, na miaka yake yote hii, bado huvaa vikofia vyake kabla ya kupiga, anavifunga na kuvigundisha, na ngozi ikichakaa anakata nyingine. Ameandika kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiikata kutoka koti lilelile la zamani, na kwamba sasa limebaki dogo.